Mayu Anataka Gurudumu

Mimi nina hasira za karibu, nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Naitwa Philomena, nashona sare za shule hapa Bariadi, na mtu akiniambia jambo fulani haliwezekani, napata nguvu ya kulifanya hata kama mwanzoni nilikuwa silitaki. Safari hii nayo ilianza hivyo. Kaka yangu Bujiku alinipigia simu kutoka Lalago akasema mama kazeeka, mguu hana, mwacheni akae kivulini apumzike. Nikamjibu kivulini amekaa miaka miwili na hakijamsaidia chochote, nikakata simu.

Mama yetu anaitwa Mektilda, ila kwetu Wasukuma mama ni mayu, na mimi sijawahi kumwita vingine. Ana miaka sabini na mbili. Amelima pamba Lalago maisha yake yote, amezaa watoto saba, amezika wawili pamoja na baba yao, na zamani mnada wa Lalago ulikuwa haujachangamka mpaka afike na beseni lake la karanga na maneno yake. Mwaka juzi aliteleza kwenye ngazi ya ghala akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu, lakini nyonga haikurudi kama zamani. Anatembea hatua kumi, zikizidi sana kumi na mbili, kwa kushikilia fremu ya chuma, halafu lazima akae. Nikamchukua aje kuishi kwangu mjini.

Mguu peke yake tungeuzoea. Kilichomwangusha mama yangu ni harusi ya mjukuu wake, mwaka jana kule Lalago. Gari lilipofika, vijana wanne wenye haraka zao walimnyakua juu juu kumshusha, hakuna aliyemwuliza kitu. Khanga ikafunguka. Wageni wote wakaona mapaja ya mama yangu, na wasichana fulani wakacheka. Mayu aliporudi Bariadi akaingia chumbani kwake, na toka hapo akawa hatoki. Kanisani hataki, jirani hataki, kliniki mpaka tugombane. "Sibebwi tena kama gunia," aliniambia, na alilisema mara moja tu. Nililia siku ile juu ya cherehani mpaka nikalowanisha kola ya sare ya mtoto wa watu.

Sasa mwezi wa nne jirani yetu Sikuzani, mwenye duka la vyombo, alikuja na simu yake kumsalimia. Huyu Sikuzani kaja hapa kutoka Kigoma, na hana habari na mtu kununa. Alikaa kitandani kwa mayu akamwonyesha video ya bustani mpya ya michezo waliyofungua Nassa, kando ya ziwa. Kuna mabembea, kuna majumba ya kurukia watoto, na katikati kuna gurudumu refu lenye viti vya kama vijumba, linazunguka na watu ndani. Mayu akaichukua simu mkononi. Akaitazama video mara tatu. Kisha akasema, "Na mimi ningepanda."

Nilikuwa nimekaa mlangoni namenya viazi, kisu kikanidondoka. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia mama akitaka kitu.

Akatusimulia. Mwaka sitini na tisa, siku ya Sabasaba, kuna mtu alileta Lalago gurudumu la mbao, linasukumwa na wanaume wanne. Mayu alikuwa na miaka kumi na sita. Wenzake wote walipanda, yeye alikuwa ameshashika foleni, na baba yake akamtoa kwa kumvuta mkono. Ng'ombe za mahari zilikuwa zimefika wiki moja kabla. Baba akasema mke wa watu haning'inii juu ya vichwa vya wanaume. Mayu akarudi nyumbani akitembea nyuma ya baba yake, na kila akigeuka analiona gurudumu likizunguka. Mwaka uliofuata halikuja, na halikuja tena.

Basi nikaamua. Nilimwambia Sikuzani pale pale, mbele ya mayu, kwamba likizo ya Juni tunaenda Nassa na mayu atapanda. Mayu akasema atapanda kwa sharti moja, asibebwe na vijana na asionwe mapaja. Nikasema umepata.

Kazi nikaianza kama ninavyoanza kazi yoyote, kwa kupima. Jumatatu moja nilifunga duka nikapanda basi la asubuhi hadi Nassa na futi yangu ya kushonea shingoni. Nilimkuta kijana anayeendesha gurudumu, Twaibu, mtu wa Tanga, mpole, anapaka grisi. Jumatatu hawafungui, wanafanya usafi na matengenezo. Nilipomweleza shida yangu alikuna kichwa, akasema wazee wengi huwa wanakaa kwenye vibanda vya makuti wanakunywa soda huku wajukuu wakicheza, kwa nini na mama asikae pale. Nilimwangalia. Nadhani aliona kitu usoni mwangu maana aliacha grisi yake akaanza kunionyesha.

Nikapima kila kitu. Kutoka getini hadi kwenye gurudumu ni hatua mia mbili na kumi na mbili, kokoto zote, na fremu yake haipiti kwenye kokoto. Choo ni cha kuchuchumaa, na mayu hawezi kuchuchumaa. Kufika jukwaani kuna ngazi tatu. Kiti cha gurudumu ni kijumba cheupe chenye mlango mdogo, kizingiti cha juu ambacho mguu wa mayu haukipandi, na benchi mbili zinazotazamana. Nikaingia, nikatoka, nikaingia tena. Nikapima mlango, nikapima benchi iko juu kiasi gani kutoka jukwaani, nikaandika yote nyuma ya daftari la oda. Twaibu akasema tuje mapema, saa tatu wanapofungua, kabla watu hawajajaa. Nikarudi nyumbani nikijiona mimi ndiye mhandisi.

Hapa inabidi nimlete mume wangu. Limbu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, madirisha na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na karakana yake iko hapo hapo uani kwetu. Ni mtu wa maneno machache, mpaka saa nyingine nagombana peke yangu. Tumeoana mwaka wa ishirini na moja huu. Na katika miaka yote hiyo yeye na mama yangu hawajawahi kusemezana.

Msomaji asidhani wana ugomvi. Ni heshima. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani, hawali pamoja, hawakai wakatazamana, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Siku hizi wengi wa mjini wameachana na mambo hayo, na wapo wanaosalimiana kwa mbali yakaisha. Mayu hajaacha hata kidogo. Alipokuja kuishi kwetu nilijua itakuwa kazi, nyumba yenyewe ndogo. Limbu hakulalamika. Alimjengea chumba chenye mlango wake wa kutokea pembeni, halafu akatundika kipande cha reli kwenye nguzo ya karakana. Akitaka kukatiza uani anakigonga na spana, mara mbili. Mayu akikohoa, maana yake amejifunika, pita. Wameishi hivyo miaka miwili. Jambo la kusema linapita kwangu, mwambie mama hivi, mwambie mume wako vile, na wote wawili wako hatua sita kutoka nilipo.

Kwa hiyo nilipopanga watu wa kumpandisha mayu, Limbu hakuwemo. Sikumfikiria hata kidogo, kama mtu asivyofikiria kumpa paka kazi ya kulima. Nilijihesabu mimi, Sikuzani, na mdogo wangu Veronica ambaye angekuja kutoka Lalago, ana mikono ya mtu aliyelima. Wanawake watatu wazima. Mmoja kwapani huku, mmoja kwapani kule, mmoja miguuni. Tulifanya mazoezi chumbani kwa mayu tukitumia kitanda, na tulifaulu. Ili mapaja yasionekane nilimshonea suruali pana ya kuvaa chini ya gauni, kwa kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare. Aliijaribu akasema nimemfanya mwanafunzi wa darasa la tano. Lakini aliivaa siku nzima, na jioni nilimsikia akimwambia Sikuzani ina mifuko.

Kazi ya Limbu ilikuwa moja, kutengeneza kiti cha magurudumu cha kupita kwenye kokoto. Nilimpa vipimo, akaviandika kwa chaki ukutani. Alitafuta magurudumu mawili makubwa ya baiskeli, akakata tundu kwenye kiti kwa ajili ya choo, na juu ya tundu nikamwekea mto wa kutoa. Hapo nilimsifu. Ila siku mbili kabla ya safari nikaona amechomelea vipande vinne vya bomba, viwili kila upande chini ya mahali pa kuwekea mkono, na pembeni yake kaegemeza mabomba mawili marefu kuliko mimi.

Nikamwuliza ya nini. Akasema ya baadaye. Nikamwambia kiti kishakuwa kizito, anaongeza vyuma vya nini, anadhani sisi ni matrekta? Akaendelea kupiga msasa. Akauliza tu, "Mkono wa kulia wa mama una nguvu kiasi gani?" Nikasema una nguvu kuliko akili zako, nikaingia ndani nikabamiza mlango. Nilimsikia akiuliza tena kesho yake, safari hii alimwuliza Veronica, kama mama akikaa anaweza kujisogeza mwenyewe kitandani kwa mikono. Veronica akasema anaweza, mbona ndivyo anavyolala kila siku. Na mkono mmoja wa kiti, wa upande wa kushoto, aliuwekea bawaba ukawa unakunjwa chini. Sikuuliza tena. Nilikuwa nimemnunia.

Jumamosi ilifika. Tulikodi Noah, na dereva wake alikuwa kijana mkimya anaitwa Mihayo. Kwa sababu Limbu lazima aende, kiti kikikwama nani atakifungua, tulimweka benchi ya nyuma kabisa na mabomba yake yamepita katikati ya viti mpaka mbele. Mayu alikaa nyuma ya dereva. Kati yao nikatundika khanga kwa pini, kutoka dirisha hadi dirisha. Mihayo alitazama ile khanga kwenye kioo chake akacheka, akasema hajawahi kuendesha gari lenye vyumba. Bujiku alipiga simu tukiwa hata Lamadi hatujafika, akasema tunamtesa mzee. Mayu akaomba simu. Akamwambia mwanawe kwamba amevaa suruali, na akanirudishia simu.

Nassa tulifika saa tatu na robo. Kiti kilipita kwenye kokoto vizuri kabisa, na mayu akawa anatazama huku na huku, mikono magotini. Ziwa lilikuwa limetulia na hewa ilikuwa safi. Limbu alitufuata kwa mbali amebeba mabomba begani, halafu akasimama kama hatua arobaini kutoka kwetu, nyuma ya kibanda cha aiskrimu, ametupa mgongo. Ndivyo inavyotakiwa. Watu hawakuwa wengi, ni mtu na mke wake na mtoto mchanga, na vijana wawili wanaopiga picha. Mayu alimsalimia Twaibu salamu yetu ya asubuhi, mwangaluka, naye akaitikia shikamoo, wakaelewana.

Tulimpandisha mayu zile ngazi tatu kwa kuburura kiti kinyumenyume. Hapo sawa. Twaibu akasimamisha gurudumu, kijumba cheupe kikaja mbele yetu, akafungua mlango. Nikashika kwapa, Sikuzani akashika kwapa, Veronica miguu. Moja, mbili, tukainua. Goti la mayu likagusa kijumba, na kijumba kikaondoka. Kikabembea nyuma kikarudi kikampiga mayu kwenye ule mguu mbovu. Mayu akatoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka.

Loo. Ile Jumatatu nilipopima, Twaibu alikuwa amekifunga kijumba kwa kipande cha ubao ili apake grisi. Mimi na futi yangu nilipima kitu kilichofungwa, wala sikujiuliza kikifunguliwa kinakuwaje. Twaibu akakishika kwa nguvu zote, tukajaribu tena. Lakini sasa mayu alikuwa amekaza mwili kwa maumivu, akawa mzito mara mbili, Veronica akateleza, na gauni likapanda hadi kiunoni. Tukamrudisha kwenye kiti haraka. Suruali ya bluu ilimsitiri. Lakini mayu aliwaona wale vijana wawili wameinua simu.

Akajivuta gauni, akasema kwa sauti ndogo, "Nirudisheni."

Nikasema mayu, subiri kidogo. Akasema nirudisheni nyumbani, Philomena, nilikwambia. Hakulia. Uso wake ulikuwa umefunga vile vile kama siku ya harusi, na mimi moyo wangu ulipasuka, maana nilijua akirudi chumbani safari hii hatoki tena. Nami ndiye niliyemleta. Niliwageukia wale vijana nikawaambia maneno ambayo mtu wa kanisani hasemi, wakaondoka. Haikusaidia kitu.

Twaibu, maskini, alitaka kusaidia. Hajui mila zetu. Akanyosha kidole kule kwenye kibanda cha aiskrimu akasema, "Si yule mzee wenu pale ana mwili? Mwiteni ambebe, ni dakika moja."

Sikuzani alitazama ziwa. Veronica akajifunga khanga upya wakati ilikuwa imekaza. Mayu aliinamisha kichwa kabisa, na nikafikiri sasa ndiyo tumemaliza, aibu juu ya aibu.

Nikasikia chuma. Mara mbili, ngo, ngo. Limbu alikuwa amegonga bomba kwa spana, palepale alipo. Halafu akaanza kuja, na alikuja kinyumenyume. Mwanamume mzima wa miaka hamsini, anatembea kwenye kokoto akituelekezea mgongo, polepole, anahisi ngazi kwa kisigino. Aliposimama jukwaani, kiti cha mayu kikiwa nyuma yake, akanyosha yale mabomba mawili kwa nyuma bila kugeuka. Akaniambia mimi, "Yapitishe."

Ndipo nikaelewa. Nilitamani ardhi inimeze. Bomba la kulia likapita kwenye vile vipande viwili vya upande wa kulia, la kushoto likapita kushoto, sawasawa kabisa, kama uzi na sindano. Machela. Alikuwa ametengeneza kiti ambacho kinaweza kuwa machela, na anayeshika mbele ya machela siku zote anakuwa amempa mgongo anayebebwa. Hamgusi. Hamwoni. Alikuwa amelifikiria hilo siku mbili kabla, pengine wiki mbili, wakati mimi namtukana akili. Alijua kabla yangu kwamba wanawake watatu hatutaweza, na hakusema, kwa sababu kusema kungekuwa kumwomba mama mkwe ruhusa ya kumbeba, na jambo kama hilo mkwe haombi.

Ilibaki mayu. Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza. Sisi tungeshika nyuma, mimi na Veronica, kila mtu bomba lake. Hakuna atakayemshika mwilini. Tungeinua kiti mpaka kilingane na benchi ya ndani, tukunje ule mkono wenye bawaba, na yeye mwenyewe asogee kwa mikono yake kama anavyosogea kitandani. Mayu alisikiliza mpaka mwisho. Aliutazama mgongo wa Limbu, shati la kijivu lililotoboka kwa cheche za kuchomelea. Sidhani kama alikuwa amewahi kuutazama kwa karibu vile.

Akavuta khanga akajifunika kichwa. "Mwambie ashike sawasawa," akasema. "Miye si mwepesi."

Tuliinua. Jamani, alikuwa si mwepesi kweli. Limbu alikuwa peke yake mbele, mikono miwili, shingo imetoka mishipa, na kiti hakikuyumba. Twaibu alikumbatia kijumba kwa mikono na goti. Sikuzani akakunja mkono wa kiti. Mayu akaweka kiganja cha kushoto kwenye benchi, cha kulia kwenye kiti, akapumua, akajisukuma. Mara ya kwanza nusu. Mara ya pili akawa ndani. Aliingia mwenyewe, hakuna mkono wa mtu uliomgusa, na gauni lake lilikuwa limekaa mahali pake. Veronica akaanza kulia palepale na mimi nikamkemea, halafu nikalia.

Niliingia nikakaa mbele ya mayu. Twaibu akafunga mlango, akasema kuna jambo moja. Gurudumu likiwa na watu wachache lazima upande wa pili uwe na uzito, la sivyo linakwenda kwa kushtuka. Akawataka Limbu na Mihayo, aliyekuwa ameacha gari akaja kutazama, wapande kijumba cha upande wa pili. Limbu akasitasita. Mimi nikamwangalia mayu, na mayu akakohoa. Basi Limbu akapanda.

Tukazunguka. Mzunguko wa kwanza mayu alifumba macho, kashika chuma cha mlango kwa mikono miwili, anasema Bikira Maria chini chini. Wa pili akafumbua jicho moja. Wa tatu akaanza kuuliza, ule moshi ni wa nini, yale magari yamebeba pamba? Tukiwa juu, Limbu yuko chini. Tukishuka, yeye anapanda. Hata mara moja hawakukutana. Mayu ndiye aliyeligundua, akaniambia, "Hata mashine inajua heshima," akacheka mpaka mabega yakatikisika, na kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu nyonga ivunjike.

Mizunguko ikaisha. Twaibu akatusimamisha chini, akafungua mlango, akasema karibuni mshuke. Mimi nikamwita Limbu. Hakuna Limbu. Nikatazama huku na huku kabla sijakumbuka kutazama juu. Mbebaji wetu alikuwa ananing'inia kileleni na Mihayo, amekaa kimya, mikono magotini. Nimepanga safari miezi miwili, nimepima hatua na ngazi na tundu la choo, na hilo halikunijia akilini. Yeye akiwa upande wa pili, sisi tukifika chini yeye yuko mbinguni.

Twaibu akasema hakuna njia nyingine, inabidi mama aende juu tena ili wale washuke kwanza. Mayu akasema, "Funga mlango." Alisema haraka sana.

Tukapanda nusu ya mzunguko, tukasimama kileleni kabisa. Kijumba kikatulia. Sasa mayu alikuwa amefumbua macho yote mawili. Ziwa lilikuwa lote pale, na upande wa nyuma mashamba, barabara, mabati ya nyumba za watu. Huko chini Mihayo alikuwa anahangaika na kitasa cha mlango wao, kikachukua muda. Mayu hakuwa na haraka.

"Baba aliniambia mke wa watu haning'inii," akasema. "Nimekuwa mke wa watu, nimekuwa mjane, nimekuwa mgonjwa. Leo ndiyo nimepanda." Akajipangusa macho kwa ncha ya khanga. Nilimshika mkono, na hakuuondoa.

Chini Limbu alishatoka. Aliokota mabomba yake, akayasimamisha kando ya kiti tayari, akatupa mgongo kama kawaida, akasubiri. Kutoka kule juu alionekana mdogo. Mayu alimtazama. Halafu mama yangu akainama kidogo kwenye dirisha la kijumba, akaweka mkono mdomoni kama anavyoita watu shambani, na akasema, si kwangu, si kwa kupitia kwa mtu, kwa sauti ambayo Twaibu na Veronica na muuza aiskrimu waliisikia:

"Wabeja, baba!"

Hiyo kwetu ndiyo asante. Miaka ishirini na moja nilikuwa nimezibeba asante zao mimi, kutoka mlango huu hadi mlango ule. Nilimwona Limbu akistuka. Hakugeuka, na hakutazama juu. Mabega yake yalipanda, yakashuka. Akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa spana, akagonga bomba mara mbili.

"Amesikia," mayu akasema, akakaa vizuri kwenye benchi kusubiri kushushwa.